Kuotesha Mbegu na Majira ya Kuzipanda

Kuotesha mbegu ni kuiamsha mbegu kwa maji, hewa na joto, aghalabu mahali padogo palipo karibu na nyumba, ili mche upate nguvu kabla ya kukabidhiwa shamba. Kazi hiyo hufanywa katika kitambaa kibichi, katika kopo, katika kifuu cha nazi kilichotobolewa chini, au katika kitalu kilichoezekwa makuti. Makusudio yake hasa ni kuutangulia wakati. Kwani siku ambazo mbegu hukaa chini ya udongo bila kuonekana ni siku ambazo mvua inapita, na mkulima aliyekwisha kuzimaliza siku hizo uani kwake huipokea mvua akiwa na miche, ilhali jirani yake huipokea akiwa na mbegu.

Mbegu iliyokauka vizuri haikufa, imelala. Katika nafaka za ghalani maji yaliyomo hayazidi sana sehemu 10 hadi 14 katika mia, na uhai wake huenda polepole mno. Ikiloweshwa hunywa maji, huvimba na kupasua ganda, na wanga uliowekwa akiba ukageuka sukari ya kulisha kiini. Hutangulia mzizi, ndipo likafuata chipukizi. Kwa kuwa kiini kilichoamka huvuta pumzi, mbegu iliyozamishwa majini siku nyingi hufa kwa kukosa hewa. Mpunga umepewa ruhusa ya pekee, maana chipukizi lake huweza kurefuka hata katika maji yasiyo na hewa, ingawa mzizi hukataa kukua mpaka hewa ipatikane; na kwa sababu hiyo mpunga hulowekwa siku moja tu, ukaopolewa, ukafunikwa kwa gunia bichi siku moja au mbili mpaka ncha nyeupe zionekane, kisha ukamwagwa kitaluni, na miche yake ikaatikwa baada ya majuma mawili au matatu.

Umri wa mbegu hutofautiana ajabu. Kokwa ya tende iliyochimbuliwa katika magofu ya Masada, karibu na Bahari ya Chumvi, ikapandwa mwaka 2005, iliota ikiwa na umri wa takriban miaka 2,000. Mbegu ya mkarafuu, kinyume chake, haivumilii kukaushwa, na ikikaa siku chache tu nje ya tunda lake hupoteza uhai. Kwa hiyo tunda lililoiva hulowekwa usiku kucha, likamenywa, na mbegu ikatiwa kitaluni mbichi vivyo hivyo, chini ya kivuli, ambako mche hukaa mwaka mmoja au zaidi. Yafaa kukumbuka taabu hiyo kila itajwapo tufani ya Aprili 1872 iliyoangusha mashamba mengi ya mikarafuu Unguja, kwani wenye mashamba hawakuwa na akiba ya mbegu ghalani, wala hawangeweza kuwa nayo.

Mwenye shaka na mbegu zake na azifunge 10 katika kitambaa kibichi, azihesabu zilizoota. Zikiwa chini ya nusu, afadhali atafute nyingine. Desturi ya kuzitupa zinazoelea hufaa kwa mpunga, lakini kwa mbegu nyepesi kama za saladi haina maana. Saladi, tena, hupenda mwanga na hukataa harara, na anayeimwaga Februari pwani, wakati wa jua kali la kaskazi, asiilaumu mbegu isipoota. Mbegu ya nyanya hufunikwa kwa udongo mwembamba usiozidi sentimita moja, na aghalabu huchomoza ndani ya siku 5 hadi 10. Adui mkubwa wa kitalu ni ugonjwa wa kinyausi, ambao hula shina mahali linapogusa udongo, na hualikwa na mkono wa mtunzaji mwenyewe: maji mengi, na mbegu zilizosongamana.

Ama kuhusu majira, miezi ya Kiislamu haikuweza kumwongoza mkulima, kwani mwaka wake una siku 354 au 355, na mwezi ulioangukia masika huishia, baada ya miaka kadhaa, kuangukia kiangazi. Ndipo watu wa pwani wakashika pamoja nayo hesabu nyingine, ya jua, yenye asili ya Uajemi, inayoanzia Nairuzi, yaani Siku ya Mwaka, ambayo hata leo husherehekewa Makunduchi katika Julai kwa jina la Mwaka Kogwa. Siku 365 hugawanywa katika miongo 36 ya siku kumi kumi, zikabaki tano, na mabaharia na wakulima wakazipanga kazi zao kwa miongo hiyo.

Hesabu ya kitalu huanza mwisho ikarudi nyuma. Nazi ya mbegu, iliyolazwa ubavu na kufukiwa nusu, huchukua miezi mitatu au minne kutoa chipukizi, na mche haufai kuhamishwa kabla ya miezi sita au zaidi. Kwa hiyo mnazi utakaopandwa mwanzo wa masika, Machi au Aprili, hulazwa Septemba, hata vuli haijafika. Nyanya hukaa kitaluni majuma manne hivi, lakini mvua nzito ya masika huiletea maradhi ya majani, na mkulima mwerevu huimwaga katikati ya mvua ili aiatike mvua inapopungua na kipupwe kukaribia. Bara, kama Dodoma, ambako mvua ni ya msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hata Aprili, mbegu za papai huoshwa ute wake kwa kusuguliwa na mchanga, kwani ute huo huzuia kuota, zikatiwa makoponi Septemba au Oktoba na kumwagiliwa maji ya kisima. Na juma moja kabla ya kupandwa miche hupunguziwa maji na kuondolewa kivuli kidogo kidogo, kisha huhamishwa jioni, pamoja na udongo wake.