Kubaki Mahali Petu kwa Ajili ya Bwana

Mara nyingi twaulizana: Je, aliyeokoka aweza kushika kazi ya serikali bila kuichafua imani yake?

Swali hili si geni. Mwaka 1785 William Wilberforce, mbunge kijana wa Uingereza, alimpa Bwana maisha yake, akadhani huenda imempasa kuacha siasa. Mwezi wa Desemba alikwenda kwa siri kumwona mchungaji John Newton, ambaye zamani alikuwa nahodha wa meli za watumwa. Newton alimshauri abaki Bungeni, amtumikie Mungu papo hapo.

Akabaki. Mwaka 1789 alisimama kuipinga biashara ya watumwa. Alishindwa mara nyingi. Aliomba, akakusanya ushahidi na wenzake, akarudi tena. Miaka 18 ikapita ndipo ilipopigwa marufuku, 1807. Mwezi wa Julai 1833, siku tatu kabla ya kufa, alipata habari kwamba sasa ni hakika mswada wa kuwaweka huru watumwa wa makoloni utapita Bungeni.

Hata kwetu, soko la watumwa la Unguja lilifungwa kwa mkataba wa 1873. Wamisionari waliwapokea walioachiliwa huko Frere Town, Mombasa. Lakini mkataba ulitiwa sahihi na watu wa serikali.

Basi, karani ofisini, mwalimu darasani, diwani barazani, tusiulize tu, "Tuache?" Tuulize, "Hapa tulipo, twamtumikia nani?"

Bwana atusaidie. Amina.