Kofia ya Mskoti, Kifaru Begani: Namna ya Kusoma Picha za Vita za Wazee Wetu

Katika nyumba nyingi za Kilosa, Kimamba, Ulaya, Kidodi na Mikumi ipo picha moja ya zamani, ukutani au ndani ya sanduku la bati. Ni mzee wa ukoo akiwa kijana, amevaa kaptula na kofia ya jeshi. Tunajua alikwenda vitani. Ukiuliza ni vita ipi, kikosi gani na nchi gani, kila mwanafamilia ana jibu lake. Mwaka huu tumeombwa tueleze jinsi ya kupata jibu lenye ushahidi, na tutatumia picha moja iliyoletwa kwenye kamati na familia ya wilayani kwetu.

Picha hiyo inaonyesha askari wa Kiafrika waliojipanga safu mbili. Katikati ameketi Mzungu kijana aliyevaa kofia ya Kiskoti yenye beji kubwa ubavuni. Babu amesimama nyuma yake. Kwa miaka mingi familia imeshika mambo mawili: kwamba babu alikuwa katika jeshi la Waskoti, na kwamba Waskoti hao ndio waliowatoa Wajerumani Kilosa. Yote mawili yanapimika.

Waliofika Kilosa mwaka 1916

Kilosa ilitekwa Agosti 22, 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza. Majeshi ya Jenerali Jaap van Deventer yalikuja kwa kufuata Reli ya Kati kutoka upande wa Mpwapwa. Siku nne baadaye Morogoro nayo ikaanguka, na Septemba 4 Dar es Salaam ikasalimu amri. Van Deventer aliwafuata Wajerumani kuelekea kusini hadi Kidodi, karibu na Mto Ruaha. Askari wake wa Kizungu walikuwa hasa watu wa Afrika Kusini, wengi wao wapanda farasi, na yeye mwenyewe alikuwa Kaburu. Hawakuwa Waskoti.

Jambo hilo la pili linaanguka mapema, basi. Tena mavazi yaliyo kwenye picha si ya 1916. Askari wote wamevaa kofia ya pama, ile yenye ukingo mpana uliokunjwa upande mmoja. Hayo ni mavazi ya vita vya 1939 hadi 1945.

Beji ya Mskoti inasema nini

Huko Uskoti nako familia zina shida kama yetu: ipo picha ya babu aliyevaa kilti, na kikosi chake hakijulikani. Wao huanza na beji ya kofia, kwa sababu kila kikosi kilikuwa na yake. Argyll and Sutherland Highlanders walivaa kichwa cha nguruwe mwitu na paka mwitu. Cameron Highlanders walivaa Mtakatifu Andrea na msalaba wake. Seaforth Highlanders na Gordon Highlanders wote walivaa kichwa cha kulungu mwenye pembe za matawi, na hapo ndipo watu wengi hukosea. Tofauti yao ni kwamba kulungu wa Gordon amezungukwa na shada la majani.

Picha yetu ilipokuzwa kwenye kompyuta, shada lilionekana. Mzungu yule alikuwa wa Gordon Highlanders. Lakini beji ile ni yake peke yake. Jeshi la Keya, yaani King's African Rifles, liliongozwa na maafisa wengi walioazimwa kutoka vikosi vya Uingereza, na baadhi yao waliendelea kuvaa alama za kikosi walikotoka. Ni kama mwalimu mkuu aliyehamishwa kutoka Moshi: kuhamia kwake hakuigeuzi shule ya Kilosa kuwa ya Moshi. Babu hakuwa katika jeshi la Waskoti. Alikuwa askari wa Keya aliyeongozwa na Mskoti.

Kifaru begani

Alama ya babu mwenyewe iko begani: kichwa cha kifaru. Hiyo ilikuwa alama ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka 1943. Divisheni hiyo ilivuka bahari hadi Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka, kisha ikaingia Burma mwaka 1944 kupigana na Wajapani. Askari wake walipita Bonde la Kabaw wakati wa mvua kubwa, kwenye tope na malaria, na Desemba 1944 wakavuka Mto Chindwin huko Kalewa. Kwa hiyo kitambaa kidogo cha begani kimetupa miaka, nchi na adui.

Hata hivyo kifaru hakitaji batalioni. Katika divisheni hiyo Tanganyika ilikuwa na batalioni mbili za Keya: ya 26, iliyokuwa katika Brigedi ya 25, na ya 36, iliyokuwa katika Brigedi ya 26. Walikuwamo pia watu wa Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, pamoja na madereva, wapiga mizinga, mafundi na wauguzi. Kwa hiyo si kila mwenye kifaru begani alikuwa mbeba bunduki.

Batalioni ya Tanganyika ya zamani zaidi, ya 6, ilipita njia nyingine. Ilipigana na Waitaliano huko Uhabeshi, na Mei 19, 1941, mahali paitwapo Colito, Sajini Nigel Leakey wa batalioni hiyo alipanda juu ya vifaru vya chuma vya adui na hakuonekana tena. Alipewa nishani ya Victoria Cross baada ya kufa. Mwaka 1942 batalioni hiyo ilikwenda Madagaska. Wakazi wa Dar es Salaam wanalijua jina la Colito bila kujua: ndilo lililokuwa jina la kambi ambayo leo inaitwa Lugalo. Basi, kama babu yako alisimulia Madagaska na wa jirani akasimulia Burma, usiseme mmoja wao alidanganya. Huenda walikuwa batalioni tofauti.

Karatasi ndiyo inayofunga hesabu

Sisi wahasibu tunasema malipo bila stakabadhi ni hadithi. Kwa picha hii stakabadhi ilipatikana chini ya sanduku lilelile: cheti cha babu cha kuachishwa jeshi, chenye namba yake, cheo chake na batalioni ya 36. Cheo kililingana na tepe mbili zinazoonekana mkononi, yaani koplo. Picha na karatasi zikasema jambo moja.

Kwa wale ambao hawakurudi, yako majina yaliyochongwa mbali na nyumbani. Mnara wa kumbukumbu wa Rangoon, ulio katika makaburi ya Taukkyan, una majina yapatayo 27,000 ya askari wa nchi kavu wasio na kaburi linalojulikana, na watu wa Afrika Mashariki wamo.

Wasio na beji

Kuna wazee ambao njia hii haiwasaidii. Mwaka 1916 na kuendelea, watu wengi wa njia ya Kilosa hadi Ruaha walichukuliwa kuwa wapagazi wa pande zote mbili. Walibeba unga, risasi na majeruhi, na makumi ya maelfu ya wapagazi wa vita hiyo walikufa, wengi kwa maradhi na njaa. Jina la kikosi chao kwa Waingereza, Carrier Corps, limebaki katika Kariakoo. Hawakuvaa kifaru wala kulungu, na wachache sana walipigwa picha. Majina yao yako katika vinywa vya wazee tu, na wazee hao wanapungua kila mwaka.

Tunachoomba

Tunaomba kila mwana-Kilosa na Mikumi afanye mambo matatu kabla ya mkutano mkuu. Kwanza, itoe picha kwenye fremu utazame mgongo wake, kwa maana muhuri wa studio au tarehe ni ushahidi. Pili, mkalishe mzee aliye hai umuulize majina ya wote walio pichani, kisha uyaandike kwa penseli laini nyuma yake. Tatu, tafuta cheti, barua au nishani, hata kama imechakaa.

Leteni picha na karatasi hizo mkutanoni. Zitanakiliwa palepale na mtaondoka nazo. Kamati inapendekeza sehemu ya michango ya mwaka huu inunue mashine ya kunakili picha, na nakala ziwekwe katika maktaba za shule zetu za sekondari. Familia ya koplo wa batalioni ya 36 imekwisha kutoa yake iwe ya kwanza.