Wino Uliokolezwa: Historia ya Chapa katika Vitabu vya Unix

Toleo la kwanza la mwongozo wa mfumo endeshi wa Unix lilitoka tarehe 3 Novemba 1971, katika maabara za Bell huko Murray Hill, New Jersey, Marekani. Waandishi wake walikuwa Ken Thompson na Dennis Ritchie, wale wale waliouunda mfumo wenyewe. Mkuu wao, Douglas McIlroy, ndiye aliyeshikilia kwamba lazima kazi hiyo iwe na kitabu. Kila amri ilipewa ukurasa wake, na kila ukurasa ulifuata vichwa vile vile kwa mpangilio ule ule: jina, muhtasari wa matumizi, maelezo, mafaili yanayohusika, kasoro zinazojulikana na hata jina la mwenye programu.

Mpangilio huo unasifiwa sana, lakini ndani yake mlikuwa na jambo jingine ambalo wasomaji wengi hulipita bila kuliona, nalo ni umbo la herufi. Mwongozo wa programu huchanganya maneno ya aina mbili. Yako yanayopaswa kuandikwa kwenye kibodi kama yalivyo, na yako yanayoshika tu nafasi ya jina ambalo mtumiaji atalitia mwenyewe. Akiyachanganya, kompyuta itakataa amri, au vibaya zaidi, itaitekeleza juu ya faili lisilokusudiwa. Kwa hiyo mapambo ya chapa hapa yana maana, na maana hiyo haina budi kuwa moja kitabu kizima.

Mashine za teletaipu za wakati ule zilikuwa na umbo moja tu la herufi. Neno lilitofautishwa kwa kurudi nyuma na kulipigia mstari chini. Utangulizi wa mwongozo wa 1971 ukaweka kanuni: neno lililopigiwa mstari liandikwe kama lilivyo, kilichomo ndani ya mabano ya mraba ni hiari, na nukta tatu zinaonyesha kwamba kilichotangulia chaweza kurudiwa. Mabano na nukta hizo zingali zinatumika leo. Mstari ndio uliogeuka.

Mabadiliko yalikuja mwaka 1973, maabara zilipopata mashine ya kupanga chapa kwa mwanga, iliyoitwa CAT. Joe Ossanna aliiandikia programu ya troff, na sasa kitabu kikaweza kuwa na herufi za kawaida, za mlazo na nzito. Kazi ya mstari ikahamia kwenye wino uliokolezwa: neno zito ndilo la kuandikwa kama lilivyo. Mlazo nao ukaja kutumika kwa maneno yanayoshika nafasi, na kwenye skrini na mashine zisizo na mlazo, maneno hayo yalionyeshwa kwa mstari chini. Basi alama iliyomaanisha "usibadilishe" mwaka 1971 ikaishia kumwambia msomaji karibu kinyume chake: "hapa tia lako".

Kanuni ilikuwapo, ila utekelezaji uliyumba. Chukua ukurasa wa cp, amri ya kunakili faili, katika toleo la saba la mwaka 1979, ambalo McIlroy alilihariri. Kwenye muhtasari, cp imekolezwa na jina la faili limesimama wima. Shuka hadi kwenye maelezo: cp imelazwa, na jina la faili nalo limelazwa. Amri na kigezo chake, ambavyo juu vilitenganishwa, chini vimevikwa vazi moja.

Sababu haikuwa uzembe. Kifurushi cha makro za man, kilichotoka na toleo hilo, kilimpa mwandishi maagizo mafupi yanayoanza na nukta: .B kwa herufi nzito, .I kwa mlazo. Uamuzi wa wapi kukoleza na wapi kulaza ulibaki mkononi mwake. Kurasa zilipoongezeka na waandishi kutawanyika, kila mmoja aliamua kivyake.

Dawa ya kwanza ilitoka Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Mnamo 1990 hivi, Cynthia Livingston aliunda makro za mdoc kwa ajili ya Unix ya BSD. Humo mwandishi hachagui umbo, anataja kitu: .Fl kwa chaguo la amri, .Ar kwa kigezo, .Pa kwa njia ya faili. Mashine ndiyo inayoamua kipi kikolezwe na kipi kilazwe, na kanuni ikibadilika, inabadilishwa mahali pamoja.

Kwenye Linux ilishikwa njia nyingine. Makro za zamani za man zilidumishwa, zikaandikiwa sheria. Mradi wa man-pages, ambao Michael Kerrisk alianza kuusimamia mwaka 2004, una ukurasa mzima unaoeleza jinsi ya kuandika kurasa: majina ya faili na vigezo vya fankisheni kwa mlazo, makro za lugha ya C kwa herufi nzito, na katika rejea ya ukurasa mwingine, jina likolezwe, lakini namba ya sehemu ya mwongozo iliyo kwenye mabano ibaki ya kawaida.

Uangalifu wa namna hii hufika hadi kwenye kistari. Katika programu ya groff, mrithi wa troff, kistari cha kuunganisha maneno na alama ya kutoa inayotangulia chaguo la amri ni herufi mbili tofauti, ingawa kwa macho zafanana. Mwandishi akikosea, msomaji atanakili amri kutoka kwenye ukurasa, ataibandika, na kompyuta haitaitambua. Toleo la 1.23 la groff, la mwaka 2023, liliufufua mjadala huo miongoni mwa watunzaji wa mifumo.

Miaka hamsini na zaidi ya vitabu hivi yaonyesha kwamba nia njema ya mwandishi mmoja mmoja haitoshi. Ulinganifu huja pale kanuni inapoandikwa na mtu akapewa jukumu la kuilinda, au pale mashine inapobebeshwa kazi yenyewe. Nawe unayeandika mwongozo wa programu kwa Kiswahili, anza hapo: eleza kwenye ukurasa wa kwanza maana ya kila umbo la herufi, kisha usiivunje kanuni hiyo hadi ukurasa wa mwisho.