Mwuzaji na Mvaaji: Vazi la Kike Lubumbashi

Katika miongo ya kwanza ya Élisabethville, mji ulioasisiwa mwaka 1910, vitambaa vya wanawake viliuzwa zaidi na wanaume, wengi wao Wagiriki na Wayahudi kutoka kisiwa cha Rhodes. Mwanamume alikunjua kikwembe mbele ya mteja wa kike, akakipima, akakisifu, wala uanaume wake haukutiwa shaka.

Basi mwanamume avaaye kike akiomba kazi katika duka kama hilo, haiwezekani kumkatalia kwa hoja kwamba kuuza nguo za kike ni kazi ya wanawake. Historia yetu yaikanusha. Kinachobishaniwa ni mwili wa mwuzaji, na hapo mkono wa dola umekuwa mzito. Chini ya siasa ya Mobutu ya kurejea asili, miaka ya 1970, wanaume walipewa abakosti, wanawake kikwembe. Suruali kwa mwanamke ikapigwa marufuku. Katazo hilo lilikoma 1990, lakini mwaka 1997, mjini Kinshasa, askari wa AFDL waliwasumbua tena wanawake waliovaa suruali. Kumbe mpaka unaodaiwa kuwa wa mababu ulichorwa kwa amri. Na abakosti yenyewe ilifuata mfano wa koti la Mao!

Lugha nayo hushiriki. Mwanamke wa pwani humwita rafikiye shoga. Mombasa neno hilohilo humtaja pia mwanamume mwenye mwenendo wa kike, kama alivyoeleza Gill Shepherd mwaka 1987. Siku hizi hutamkwa mara nyingi kama tusi.