Nani Anayelipia Wito? Familia na Huduma ya Ng'ambo katika Mombasa ya Bara

Maandishi ya Kikristo kuhusu huduma ya ng'ambo huliuliza swali la familia kwa upande mmoja. Mtumishi aliyeitwa kwenda mbali afanyeje ili asiihudumie dunia akaitelekeza nyumba yake? Swali hilo ni la haki, na waliolijibu vibaya wameacha wajane na mayatima wa kutosha. Hata hivyo linamtazama anayekwenda peke yake, kana kwamba huko aendako hakuna nyumba za watu. Mombasa ya bara, kuanzia Kisauni hadi Likoni na Changamwe, imeipokea huduma ya Kikristo kutoka ng'ambo kwa takriban miaka 180, na historia yake inatudai tuzitazame familia mbili kwa pamoja: ya yule anayekuja na ya yule anayejiwa. Ninalotaka kulithibitisha hapa ni kwamba familia si mshindani wa huduma, wa kupunjwa au kufidiwa kila bajeti inapobana. Familia ndiyo kipimo cha huduma yenyewe. Aliyefundishwa kuwaona jamaa zake mwenyewe kuwa gharama ya lazima ya wito hupata wepesi wa kuwaona jamaa za wengine kwa jicho hilo hilo.

Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na shirika la Kianglikana la CMS, alifika Mombasa mwaka 1844 pamoja na mkewe Rosine. Walikuwa wameshazika mtoto mmoja Ethiopia. Mwezi Julai mwaka huo huo Rosine alifariki kwa homa baada ya kujifungua, na mtoto wao wa kike akamfuata katika muda wa siku chache. Wakazikwa upande wa bara, ng'ambo ya kisiwa. Krapf aliwaandikia wakuu wake kwamba sasa pwani hii ina kaburi la misheni, na kwamba kaburi hilo ni ishara kuwa saa ya Injili katika Afrika imewadia. Barua hiyo ilinukuliwa mno katika karne iliyofuata. Huzuni iliyomo ni ya kweli, na msomaji mwenye moyo hawezi kuidhihaki. Lakini kilichofanywa na wasomaji wake ni jambo jingine. Kifo cha mke na mtoto kiligeuzwa kuwa hoja, kisha hoja ikawa desturi: makaburi yakahesabiwa kuwa dalili ya maendeleo ya kazi. Rosine alikuwa mwanamke mwenye imani yake na huenda aliukubali wito kwa moyo wote. Mtoto aliyezaliwa akafa hakuulizwa.

Mtindo huo ulijirudia. Johannes Rebmann, mwenzake Krapf, alifika mwaka 1846 akakaa Rabai, nje kidogo ya Mombasa, karibu miaka 29 pasipo kurudi kwao. Alioa mwaka 1851, akafiwa na mkewe mwaka 1866, na aliporudi Ujerumani mwaka 1875 alikuwa kipofu. Alifariki mwaka uliofuata. Kwa Wamethodisti wa Ribe, jirani ya Rabai, mke wa Thomas Wakefield alifariki huko mwaka 1873. James Hannington, askofu wa kwanza wa Afrika ya Ikweta ya Mashariki, aliwaacha mkewe Joan na watoto wao Uingereza, akafika Frere Town, Kisauni, mapema mwaka 1885, na Oktoba 29 mwaka huo akauawa Busoga kwa amri ya Kabaka Mwanga. Mashirika hayakuwa vipofu wa tatizo hili. CMS ilikuwa na makao ya watoto wa wamisionari huko London tangu katikati ya karne ya 19, na huku kwetu misheni ya AIM (Africa Inland Mission) ilifungua shule ya bweni ya Rift Valley Academy, Kijabe, mwaka 1906. Lakini utaratibu wa aina hiyo hukiri tatizo bila kulitatua. Mtoto anatengwa na wazazi ili wazazi wakawahubirie wengine upendo wa Baba. Tukikumbuka hilo hatutashangaa sana kuona kwamba taasisi ya bweni, yenye matroni na kengele na ratiba, ndiyo iliyokuja kuonekana na wafadhili kuwa umbo la kawaida la huruma. Walikuwa wanatoa walichozoea wao wenyewe.

Frere Town ilianzishwa Kisauni mwaka 1875 na William Salter Price wa CMS, miaka miwili baada ya mkataba wa Sultani Barghash wa kuzuia biashara ya watumwa baharini. Ilipewa jina la Sir Bartle Frere, aliyeusimamia ujumbe wa Uingereza katika mazungumzo ya mkataba huo. Ni rahisi kuisimulia habari yake kama kazi ya Wazungu peke yao, na simulizi hiyo ni nusu ya kweli. Kabla ya Price kufika, walikuwapo pwani Waafrika waliookolewa utumwani wakalelewa Nasik, India, na kurudi kuhudumu: William Jones, Ishmael Semler, George David. Hawa nao walikuwa wamisionari wa ng'ambo, ingawa vitabu vingi huwaita wasaidizi. Walivuka bahari, walitegemea mshahara kutoka mbali, walihubiri kwa watu ambao lugha zao iliwabidi kujifunza. Tofauti ni kwamba waliishi hapa na wake zao, wakalea hapa, wakazikia hapa. Jones na Semler walipewa ushemasi na Hannington mwaka 1885. Watoro waliokimbia mashamba ya pwani wakajificha Rabai walimkuta Jones akiwa na nyumba na jamaa, wakajenga na kulima karibu naye hadi Januari 1889, pale George Mackenzie wa kampuni ya Waingereza ya IBEA alipowalipa mabwana fidia kwa ajili ya watu zaidi ya 1,400. Tukilinganisha, msimamizi mlei wa Frere Town, J. R. Streeter, alitawala makazi hayo kwa viboko na kifungo kiasi kwamba mambo yalifanyiwa uchunguzi mwaka 1881 na Price akalazimika kurudi kuyatengeneza. Sidai kwamba kuwa na mke na watoto humfanya mtu mwema; ushahidi wa dunia ungenicheka. Ninadai kwamba mtumishi anayekaa kama jirani, ambaye mwanawe anacheza na wana wa wengine, ana vizuizi ambavyo bwana mkubwa wa kambi hana.

Tena Frere Town ilikuwa na kazi moja ambayo aghalabu hatuitambui. Watu walioshushwa pale kutoka manowari za Waingereza walikuwa wamenyang'anywa ukoo wote: hawakuwa na mjomba wa kusimamia arusi wala shangazi wa kumkanda mzazi. Misheni iliwapanga katika mabweni, ikawaozesha, ikawapa majina. Kilichowaokoa zaidi ya hayo ni ujamaa walioujenga wenyewe, hadi wakawa kabila la aina yake linaloitwa Wamisheni. James Mbotela, mwana wa mmoja wao, aliandika habari zao katika Uhuru wa Watumwa, kilichotoka mwaka 1934, na ni vigumu kukisoma bila kuona kwamba kilichomshughulisha ni nani ni mtoto wa nani na alitokea wapi. Vyuo na kanisa la Emmanuel vilikuwa muhimu. Chuo cha theolojia kilichoanzia hapo mwaka 1903 na kuhamia Limuru mwaka 1930 kimekuwa Chuo Kikuu cha St. Paul's. Lakini vyuo huhama. Waliobaki Kisauni ni watu wenye jamaa.

Kwa kipimo hicho cha familia tunaweza kuitazama huduma ya leo. Katika miongo ya karibuni msaada mwingi wa Kikristo kutoka ng'ambo ulioingia pwani umechukua sura ya makao ya watoto. Mkabala na hoteli za Nyali, Bamburi na Shanzu, mgeni wa wiki mbili huweza kutoka ufukweni asubuhi, akapeleka mipira na peremende, akapigwa picha na watoto wanaoimba, akarejea kwa chakula cha mchana. Wengi wa wageni hao ni Wakristo wa dhati. Tatizo ni lile ambalo picha haionyeshi. Ripoti ya Save the Children ya mwaka 2009 ilikadiria kwamba angalau watoto wanne kati ya watano walio katika makao duniani wana mzazi mmoja au wote wawili walio hai. Serikali ya Kenya ilisimamisha usajili wa makao mapya mwaka 2017, na hata kabla ya hapo, mwaka 2014, ilikuwa imesimamisha kuasiliwa kwa watoto na wageni wa nchi nyingine. Mkakati wa kitaifa wa 2022 hadi 2032 umeweka mbele kuimarisha familia, malezi mbadala ya kifamilia, na kuwarudisha watoto majumbani, na Sheria ya Watoto ya 2022 inakwenda upande huo huo. Mtoto wa Mtongwe aliyepelekwa kwenye makao kwa sababu nyanya yake hakumudu karo na kodi ya nyumba hakukosa familia. Alikosa shilingi. Mfadhili aliyekuwa na shilingi akampa kitanda cha bweni badala yake, kwa kuwa kitanda kinaweza kubandikwa jina la mfadhili na nyanya hawezi.

Pingamizi la kwanza litatoka katika Maandiko. Je, Yesu mwenyewe hakusema kwa ukali juu ya baba na mama, mke na watoto, katika Luka 14? Alisema. Lakini maneno hayo yanamhusu mwanafunzi na yale anayoyaacha yeye mwenyewe. Hayampi mtu idhini ya kuikana familia ya jirani yake kwa niaba yake. Na Mwalimu huyo huyo, katika Marko 7, anawakemea waliosema mali yao ni wakfu kwa Mungu ili wasiwatunze wazazi wao. Paulo anataja katika 1 Wakorintho 9 kwamba Kefa na mitume wengine walisafiri na wake zao, na 1 Timotheo 5 inamweka asiyewatunza wa nyumbani mwake mahali pabaya kuliko asiyeamini. Katika Injili ya Yohana, Yesu akiwa msalabani anamkabidhi mama yake kwa mwanafunzi, na mwanafunzi anamchukua nyumbani kwake. Anayetafuta mfano wa kimaandiko wa kumhudumia asiye na wa kumtunza ataupata hapo: nyumba ya mtu.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Wapo watoto wasio na mtu kabisa, na wapo ambao nyumbani ndiko walikoumizwa. Kuwahubiria hawa habari za ukoo ni ukatili uliovaa kanzu ya utamaduni. Ninalikubali hili bila kujitetea, na sheria pia inalikubali, ndiyo maana makao hayajafutwa. Hata hivyo jambo la kipekee haliwezi kuwa kanuni ya ufadhili. Mpango wa serikali wa kuzipa fedha kaya zinazolea mayatima ulianza kwa majaribio mwaka 2004 katika maeneo machache, Kwale ikiwemo, hatua chache tu kutoka Likoni. Leo kaya zilizomo katika mpango huo hupewa shilingi 2,000 kwa mwezi, kiasi kidogo cha kuaibisha. Kanisa la ng'ambo lenye uwezo wa kulipa mishahara, ukuta, jenereta na gari la kupokelea wageni lingeweza kuongeza juu ya kiasi hicho kwa nyumba nyingi. Halifanyi hivyo kwa sababu fedha inayoingia katika kaya haina uzinduzi wala utepe wa kukata.

Kuna pia upendeleo katika hukumu zetu wenyewe. Kina mama wengi wa Likoni, Kisauni na Changamwe wamewaachia nyanya watoto wao, wakaenda Saudia na nchi nyingine za Ghuba kufanya kazi za ndani kupitia mawakala. Mimbarani wanatajwa kama mfano wa familia zinazovunjika kwa tamaa ya pesa. Mmisionari aliyewaacha watoto wake bwenini anatajwa kama mfano wa kujitoa. Fedha za mama huyo huenda moja kwa moja kwenye sahani za watoto wake. Za mmisionari huenda kwa wageni. Sioni hoja ya kitheolojia inayomfanya wa pili kuwa mtakatifu na wa kwanza kuwa wa kulaumiwa, isipokuwa kwamba wa pili alitumwa na kamati.

Suala la dini nalo haliwezi kurukwa katika mji kama huu. Likoni ni nyumbani kwa Wadigo, ambao wengi wao ni Waislamu, na katika koo nyingi za Wamijikenda ndugu wa tumbo moja hufuata dini tofauti. Mtoto wa ukoo kama huo akilelewa katika makao ya Kikristo, jamaa huuliza, kwa haki, kama njaa yake imegeuzwa mlango wa ubatizo. Ni jambo la kutafakari kwamba Sheria ya Watoto ya 2022 imetambua kafala, njia ya Kiislamu ya mtu kumchukua mtoto nyumbani kwake na kumlea bila kumfutia nasaba. Wakristo wa pwani wana cha kujifunza kwa jirani zao hapo, hasa kwa kuwa kafala haidai mtoto asahau ametoka wapi.

Siku hizi makanisa ya Kenya yenyewe yanatuma wahudumu nje ya nchi, na kamati za misheni zinakaa kupanga bajeti kama zile zilizokaa London. Mkataba wa mume na mke wanaotumwa unapaswa kusema watoto wao watasoma wapi na nani atawalipia, na uwaruhusu kurudi nyumbani mtoto akiugua bila kuhesabiwa walioshindwa. Ukurasa wa pili wa mkataba huo huo unapaswa kusema kwamba wakifika hawatafungua bweni kabla ya kuwatafuta shangazi, wajomba na nyanya wa watoto walioletwa kwao, na kuwauliza wanahitaji shilingi ngapi ili wawalee wenyewe.