Sare ya Askari na Sare ya Ngoma: Asili na Mwigo katika Mavazi ya Unguja na Pwani

Atakaye vazi la askari ana njia mbili. Ya kwanza ni kununua vazi lililokuwa la jeshi kweli, ambalo lilivaliwa likachakaa au lilizidi ghalani likauzwa. Ya pili ni kushonesha jipya lenye sura ile ile. Jambo hili hujadiliwa sana na wapenda kilti, yaani nguo ya sufu yenye miraba na mikunjo mingi, ambayo Waskochi huizungusha kiunoni. Kilti ya jeshi ni nzito, imeshonwa kwa kudumu, na ina heshima ya kikosi chake. Lakini imekatwa kwa vipimo vya ghala, si kwa kiuno cha anayeinunua leo. Kilti ya kuiga humkaa vizuri mwenyewe na huweza kuwa nyepesi, ila haina historia nyuma yake. Mtu angedhani mzozo huu hauhusu Unguja hata kidogo. Lakini watu wa pwani ya Afrika Mashariki walikwisha kuuamua zamani, na waliuamua kwa namna mbili zinazopingana.

Hukumu ya kwanza ilitolewa sokoni, nayo ilihusu kitambaa. Mwezi Septemba 1833 Edmund Roberts, mjumbe wa Marekani, alifanya mkataba wa biashara na Sayyid Said bin Sultan, na toka hapo wafanyabiashara wa Salem wakazidi kuleta Unguja nguo nzito ya pamba isiyopaushwa. Wenyeji waliiita merikani kwa jina la nchi itokako. Daktari wa manowari ya Kimarekani, W. S. W. Ruschenberger, aliyefika Unguja mwaka 1835, ameandika kwamba Waingereza walijaribu kuuza nguo yao kwa kuigongea chapa za Kimarekani. Wanunuzi walitambua hila hiyo, kwa kuwa nguo ya Marekani ilikuwa imara zaidi na ikidumu zaidi. Kwa kuchelea kudanganywa, wakakataa kununua kwa Waingereza. Lugha nayo imehifadhi hukumu hiyo: nguo nyembamba ya Ulaya iliitwa ulaiti, nayo ilihesabiwa kuwa chini ya merikani.

Lakini mambo hayakuishia hapo. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vya mwaka 1861 hata 1865, viliikata pamba, na biashara ya Salem ikadhoofika. Baadaye viwanda vya Bombay vilishika soko kwa nguo za namna hiyo hiyo. Jina la merikani halikuondoka. Likawa jina la aina ya nguo, si la nchi itokako. Kwa hiyo mwigo uliokataliwa ulipokuwa dhaifu ulikubaliwa ulipokuwa imara, hata ukarithi jina la asili. Mizani ya mnunuzi wa Unguja ilikuwa uimara wa nguo mkononi na maisha yake mwilini. Chapa haikumtosha.

Hukumu ya pili ilihusu vazi la askari, na humo mizani ilikuwa nyingine. Mwaka 1877 Sayyid Barghash alimpa Lloyd Mathews, ofisa wa majini wa Kiingereza, kazi ya kuunda jeshi la kufundishwa kwa taratibu za Kizungu. Askari wake Waafrika walivaa kofia nyekundu, jaketi fupi nyeusi na suruali nyeupe. Maofisa Waarabu walivaa mavazi meusi yaliyotiwa nakshi za dhahabu. Hivyo watu wa Mji Mkongwe waliona kwa macho yao kwamba nguo moja, ikivaliwa na wengi kwa pamoja, huweza kumweka mtu katika daraja mpya. Jambo hilo halikuwa dogo katika nchi ambayo mavazi yalimpambanua mwungwana na mtumwa. Hali ya utumwa ilipokoma kutambuliwa kisheria mwaka 1897, wengi waliokuwa watumwa walijitwalia kanzu, kofia, kanga na buibui, wakatangaza uungwana wao kwa nguo kabla ya kuutangaza kwa maneno. Kuvaa vazi la mwenye cheo kulikuwa dai, wala hakukuwa mchezo mtupu.

Katika hali hiyo ndipo ilipozuka ngoma ya beni. Jina lake limetoka katika neno la Kiingereza la kundi la wapiga muziki, na chanzo chake ni miji ya pwani ya Kenya katika miaka ya 1890. Wachezaji waliigiza gwaride na tarumbeta, wakajipa vyeo, wakashindana kundi kwa kundi. Mombasa ilikuwa na Kingi, na mshindani wake akaitwa Skochi. Skochi walichukua sura ya askari wa Kiskochi, pamoja na kilti na zumari za mfuko. Upande wa Tanganyika palikuwa na Marini na Arinoti, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza askari na wapagazi waliorudi makwao waliieneza ngoma hiyo mbali na pwani. Unguja nayo ina beni yake, ambayo imekaa zaidi katika harusi na maandamano ya mitaani. Iliyo mashuhuri kati yake ni ile ya Mbwa Kachoka.

Hapana budi kuuliza kwa nini kilti, vazi la nchi ya baridi, liliwapendeza watu wa bandari yenye joto. Jibu moja ni kwamba mwanamume wa pwani hakuwa mgeni wa nguo ya kuzungushwa kiunoni: shuka na kikoi ni mavazi yake ya kila siku. Suruali ndiyo iliyokuwa ngeni. Kwa hiyo katika mavazi yote ya jeshi la Kiingereza, kilti ndiyo iliyokuwa karibu zaidi na ada ya wenyeji, na wakati huo huo ndiyo iliyokuwa ya ajabu zaidi kwa miraba na mikunjo yake. Vazi la mashindano lataka mambo hayo mawili pamoja: livalike, tena lishangaze.

Nguo kuukuu ya jeshi ilikuwa na kazi nyingine. Kabuti la askari lilishuka kutoka jeshini likawa koti la mlinzi wa usiku. Likathaminiwa kwa uzito wake na kwa joto lake, kama merikani ilivyothaminiwa kwa uimara wake. Lakini kabuti moja haliundi kundi. Ngoma hutaka nguo kumi, ishirini, zilizo sawasawa, na mitumba ya jeshi haileti usawa huo isipokuwa kwa bahati. Fundi cherehani huuleta. Tena vazi la jeshi huja na cheo kilichokwisha kutolewa na mwingine, ilhali vazi la fundi huacha cheo mikononi mwa kundi lenyewe. Katika beni aliyempa mtu ujemadari ni wenzake, si mfalme wa mbali. Kwa sababu hiyo mwigo, ulioshindwa sokoni ulipokuwa dhaifu, ulikuwa na nguvu uwanjani kwa kuwa ni mwigo.

Maneno yanathibitisha jambo hili. Kiswahili kina neno bandia, ambalo zamani lilijulikana zaidi katika mtoto wa bandia, yaani mwanasesere, na sasa ni jina la kila kitu kisicho halisi. Hakuna aliyeita nguo za ngoma bandia. Ziliitwa sare, na neno hilo hilo hutumika kwa nguo za askari, kwa nguo za wanafunzi, na kwa kanga au gauni za namna moja wanazovaa wanawake harusini. Sare ni pia matokeo ya mchezo usio na mshindi. Kiini cha neno ni usawa wa wavaao. Asili ya nguo haimo.

Serikali ziliitazama sare kwa jicho jingine. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza maofisa wa Kiingereza waliichunguza beni kwa kushuku vyeo vyake na mawasiliano ya makundi yake. Sheria ya sare ya Uingereza ya mwaka 1894 ilikataza kuvaa bila idhini sare ya jeshi, au vazi lolote lenye sura yake, ila ikaruhusu michezo ya jukwaani. Mwezi Agosti 2023 Jeshi la Wananchi wa Tanzania liliwapa raia siku 7 kusalimisha sare za jeshi na nguo zinazofanana nazo. Mbele ya sheria, basi, nguo iliyotoka ghalani na nguo iliyotoka kwa fundi ni kitu kimoja, kwani zote mbili zaweza kumpa raia sura ya mwenye amri.

Basi mambo matatu yabainika. Mnunuzi wa kitambaa alitafuta uimara, mcheza ngoma akatafuta usawa na cheo cha kujipa, na mtawala akaogopa sura. Mwenye kuandika historia ya mavazi ya pwani kwa kuuliza tu ni ipi nguo ya asili na ni ipi ya kuiga, atakuwa amelijibu swali la chapa. Swali ambalo watu wa Unguja walilijali zaidi ni nguo ile itamfanya nini mvaaji, na ni nani mwenye haki ya kumvika.