Kusogeza Mpaka Bila Kupoteza Kilichomo: Historia ya Kubadili Ukubwa wa Vizigeu vya Diski katika Linux, Ikitazamwa kutoka Masieda, Mbulu

Ikisiri

Makala haya yanachunguza jinsi kazi ya kubadili ukubwa wa kizigeu cha diski ilivyobadilika kati ya mwaka 1983 na 2011. Hoja kuu ni kwamba historia hiyo, ambayo kwa kawaida husimuliwa kama historia ya urahisi, kwa mtumiaji mwenye kompyuta moja na diski moja ni historia ya usalama wa kumbukumbu.

Utangulizi

Masieda ni kata ya Wilaya ya Mbulu, mkoani Manyara. Tuchukue mfano wa shule katika kata ya namna hii, yenye kompyuta moja iliyokuja na Windows, ambamo zimo alama za wanafunzi, barua na hesabu. Mwalimu anayetaka kuweka Linux hana mashine ya pili ya kujaribia wala diski ya akiba. Ili apate nafasi, hana budi kupunguza kizigeu kilichopo. Iwapo hatua hiyo itaharibika, kitakachopotea ni kumbukumbu za shule nzima.

Neno lenyewe linafaa kuangaliwa. Katika nyumba, kizigeu ni ukuta mwepesi, ubao au pazia linalotenga sehemu mbili. Katika kompyuta, neno hilo limehamia kwenye chumba chenyewe. Hata hivyo, maana ya awali inasaidia: kinachoandikwa katika jedwali la diski ni mahali ukuta unapoanzia na unapoishia tu. Vilivyomo chumbani vinaratibiwa na kitu kingine, yaani mfumo wa mafaili.

Jedwali na yaliyomo

Mgawanyo huu una asili yake. Mwezi Machi 1983, IBM ilitoa kompyuta ya PC XT yenye diski ya megabaiti 10, pamoja na toleo la 2.0 la DOS. Sekta ya kwanza ya diski, yenye baiti 512, ilitengewa jedwali la nafasi nne, kila moja ya baiti 16. Programu ya FDISK iliweza kuunda na kufuta vizigeu, lakini haikuweza kuvinyoosha wala kuvipunguza. Aliyetaka kubadili mpaka alifuta kila kitu na kuanza upya.

Linux ilizaliwa ndani ya mpaka huo. Mwaka 1991, Linus Torvalds aliiandika kwenye mashine iliyokuwa pia na Minix. Siku moja alikusudia kupiga simu kwa modemu, lakini amri zikaandikwa kwenye diski, na kizigeu cha Minix kikaharibika. Tukio hilo linaonesha kwamba ujirani wa mifumo miwili katika diski moja ulikuwa wa hatari tangu mwanzo, hata kwa mtaalamu. Mfumo wa mafaili wa Minix nao haukuweza kuvuka megabaiti 64. Kikomo hicho kilichangia kuundwa kwa ext mwaka 1992 na ext2 mwaka 1993.

Kupunguza bila kufuta

Katika miaka ya 1990 zilipatikana njia za kusogeza ukuta bila kubomoa nyumba. FIPS, programu huria ya Arno Schäfer, iliweza kugawa kizigeu cha FAT baada ya mafaili kukusanywa upande mmoja. PartitionMagic ya kampuni ya PowerQuest ilifanya mengi zaidi, lakini iliuzwa. Mwishoni mwa muongo huo, Andrew Clausen na Lennert Buytenhek walianzisha GNU Parted, na mwaka 2004 ikatoka GParted yenye sura ya picha. Kwa upande wa NTFS, mfumo wa mafaili wa matoleo mapya ya Windows, ntfsresize ilifungua njia iliyokuwa imefungwa.

Kanuni iliyo nyuma ya zana hizi ni ya mpangilio. Anayepunguza huanza na mfumo wa mafaili: data iliyo nje ya mpaka mpya huhamishiwa ndani, ndipo mwisho wa kizigeu usogezwe. Anayekuza hufanya kinyume: husogeza mpaka kwanza, kisha huutanua mfumo wa mafaili. Anayepunguza akianza na jedwali, mfumo wa mafaili hubaki ukidai ardhi isiyo yake tena. Mkulima anayemmegea mwanawe sehemu ya shamba huvuna kwanza, ndipo ahamishe mpaka.

Mfano wa ardhi si wa mapambo tu. Robert Thornton, katika utafiti wake wa mwaka 1980 juu ya Wairaqw, alionesha kwamba mpaka wa aya, yaani eneo la jamii, haukuwa mstari mtupu. Ulithibitishwa kwa tambiko, na watu waliomo waliuhusisha na usalama wao. Hatudai kwamba diski ni ardhi. Tunachodai ni kwamba msomaji wa Mbulu halazimiki kufundishwa kwamba mpaka na yaliyomo ni mambo mawili yanayopaswa kupatanishwa.

Njia ya Tanzania

Mwezi Desemba 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ukisaidiwa na Sweden, ulitoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili. Mwaka uliofuata Ubuntu ilianza kutuma CD za bure duniani kupitia huduma ya ShipIt, iliyodumu hadi 2011. Kabla ya kebo ya SEACOM kufika Dar es Salaam mwaka 2009, CD ya posta ilikuwa na thamani kubwa kuliko kiungo cha kupakulia. Kuanzia Juni 2006, CD hiyo iliweza kuendesha mfumo, kupunguza kizigeu cha Windows na kusimika Linux. Mwaka 2008 Wubi ilikwepa suala lote kwa kuiweka Ubuntu ndani ya faili la Windows.

Hapa ndipo pengo linapoonekana. Tafsiri ya Kiswahili ilianza na programu ya ofisini, ambamo neno likikosewa barua hurekebishwa. Hatua ya kizigeu, ambamo sentensi moja isiyoeleweka inaweza kufuta diski, ndiyo iliyohitaji Kiswahili sanifu kwanza.

Hitimisho

Mwaka 2011 Parted 3.0 iliondoa sehemu ya kubadili ukubwa wa mifumo ya mafaili. Anayeitumia kwenye ext4 hana budi kutumia resize2fs kwanza anapopunguza, na kuitumia mwisho anapokuza. Kwa wahandisi huo ulikuwa usafi wa kazi, lakini wajibu wa kujua mpangilio ulirudi kwa mtumiaji. Ushauri wa kutengeneza nakala kwanza ni sahihi, ila unachukulia kwamba diski ya pili ipo. Historia inayoanzia kwa asiye nayo inaonesha kwamba zana haikamiliki mpaka maelezo yake yamfikie kwa lugha anayoielewa bila kubahatisha.